Si kila mkojo unaouma ni UTI

Kuna ombi moja ambalo wauza dawa wa Dar es Salaam na Mwanza wamelizoea mno: "Dada, nipe dawa ya UTI, imerudi tena." Muuzaji huuliza maswali mawili matatu. Mkojo unachoma? Tumbo la chini linauma? Usiku unaamka mara ngapi? Mteja anajibu, anapewa vidonge vya siku tano, anaondoka. Baada ya wiki tatu anarudi, na safari hii anachomwa sindano. Mwaka ukiisha ana bahasha nene ya karatasi za maabara, nyingi zikiwa na majibu yasiyoelekea kokote, na keshajifunza kuuita ugonjwa wake UTI sugu.

Wako wanawake ambao kweli wana maambukizi yanayojirudia, na hao wanahitaji antibayotiki iliyochaguliwa vizuri. Lakini wako wengine, wengi kuliko tunavyokubali kukiri, ambao mkojo wao hauna mdudu. Kinachowatesa ni maumivu ya muda mrefu ya nyonga, yale ambayo madaktari huyahesabu kuwa sugu yakishapita miezi sita, na kibofu kimeburutwa ndani ya maumivu hayo. Wanakwenda haja ndogo mara 15 au 20 kwa siku. Wanabanwa ghafla, wakifika chooni yanatoka matone. Kibofu kikijaa kidogo tu kinauma, wakishakojoa wanapata nafuu ya dakika chache. Wengine mkojo unagoma kuanza, au unakatikakatika. Tendo la ndoa linauma, na kesho yake mkojo unachoma zaidi. Kumpa mwanamke huyu dozi nyingine ya antibayotiki bila kuotesha mkojo wake, na bila kumuuliza habari za maumivu yake, ni kosa linalorudiwa kila siku kwenye vituo vyetu vya afya na maduka yetu ya dawa. Limekaa kimya muda mrefu kwa sababu linawahusu watu walioambiwa tangu utotoni kwamba maumivu ya chini ya kitovu ni fungu la mwanamke.

Ushahidi upo karibu. Watafiti wa mradi uitwao HATUA, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, walikusanya mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,500 waliofika kutibiwa wakiwa na dalili za UTI, wakauotesha maabara. Waliothibitika kuwa na maambukizi walikuwa asilimia 35. Kila watatu waliojiona wana UTI, takriban mmoja ndiye aliyekuwa nayo kwa kipimo kile. Na sehemu kubwa ya bakteria waliopatikana walikuwa tayari wamezishinda aina kadhaa za antibayotiki.

Hao waliobaki hawakuwa wakisingizia. Baadhi huenda walikuwa wamemeza dawa kabla ya kupimwa, na dawa hizo huwaficha bakteria. Baadhi wanaweza kuwa na klamidia au kisonono, ambayo huunguza njia ya mkojo lakini haiotei kwenye kipimo cha kawaida. Hata hivyo inabaki idadi ya watu ambao kuchomwa kwao kunatoka kwingine kabisa, na humo ndimo anamokaa mwanamke mwenye maumivu ya nyonga.

Kipimo kinachofanyika katika zahanati nyingi ni kijiti kinachobadilika rangi, au kutazama mkojo kwa darubini na kuhesabu seli za usaha. Vinasaidia, ila seli za usaha peke yake hazithibitishi UTI. Ute wa ukeni ukichanganyika na mkojo unatosha kuzileta. Kuotesha huchukua siku mbili au tatu, bei yake ni kubwa zaidi, na si kila kituo kina maabara ya kazi hiyo. Hayo yote ni kweli. Lakini fedha ambayo mama huyu ametumia kwa sindano za mwaka mzima ingelipia kipimo hicho na nauli ya kwenda na kurudi hospitali ya mkoa. Na akienda, afundishwe namna ya kuchukua mkojo wenyewe: anawe, aache mkojo wa mwanzo upite, akinge wa katikati kwenye kichupa safi, kisha kifike maabara haraka. Mara nyingi anapewa kichupa na kuoneshwa mlango wa choo bila neno lolote.

Dawa nazo zina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Siprofloksasini, ambayo wengi tunaijua kwa jina la sipro, inanunuliwa kama pipi. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri kwamba dawa za kundi hilo zisitumike kwa UTI nyepesi pale ambapo kuna dawa nyingine, kutokana na madhara yake kwa kano, misuli, maungio na mishipa ya fahamu. Mtu aliyeumwa nyonga miaka mitatu hahitaji kuongezewa maumivu ya kisigino.

Asije mtu akasoma hapa akaacha kutibu UTI ya kweli. Homa na kutetemeka, maumivu ya ubavuni, kutapika, au dalili hizi kwa mjamzito au mwenye kisukari, hayo hayangojei. Maambukizi yakipanda hadi kwenye figo yanaua, na kwa mjamzito yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Damu kwenye mkojo, hata isiyouma, lazima itafutiwe chanzo.

Sasa kwa nini nyonga ikiuma kibofu nacho kilalamike? Mbele kabisa, nyuma ya mfupa wa kinena, kuna kibofu. Nyuma yake kuna mfuko wa uzazi na uke, na nyuma zaidi utumbo mpana na njia ya haja kubwa. Chini yake imetandazwa misuli inayovibeba viungo hivyo vyote, kutoka kwenye kinena mpaka kwenye kifandugu. Wataalamu huiita misuli ya sakafu ya nyonga. Viungo hivi hupeleka habari kwenye uti wa mgongo kwa mishipa ya fahamu inayoingia karibu sehemu ile ile. Ni kama nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja ya LUKU: hitilafu ikianzia chumba cha uani, taa zinazimika hata chumba cha mbele, na fundi anayeitwa na mpangaji wa mbele atahangaika na soketi zisizo na kosa. Mfuko wa uzazi ukiuma mwaka baada ya mwaka, sehemu ile ya uti wa mgongo huwa nyepesi kushtuka, na habari ndogo kutoka kwenye kibofu inapokelewa kana kwamba ni kubwa.

Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 500 bila taabu, na aliye mzima hukojoa mara saba au nane tangu asubuhi hadi usiku. Kwa mwanamke ninayemzungumzia, robo ya kiasi hicho inatosha kumwamsha kitandani. Kibofu chake si kidogo. Tatizo ni kwamba ishara ya kujaa inafika mapema mno, tena ikiwa imevaa sura ya maumivu.

Halafu kuna misuli yenyewe. Mwili wowote unaoumwa hujikaza. Mtu mwenye jino bovu hukaza taya bila kujua, na mwenye maumivu ya nyonga hukaza misuli ya chini, mchana kutwa, hata usingizini. Kukojoa kunahitaji misuli hiyo ilegee. Isipolegea, mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa kusuasua, na mwingine unabaki ndani. Mwanamke anasukuma, na kusukuma kunaikaza zaidi. Ananyanyuka akiwa na hisia kwamba hajamaliza, na baada ya dakika 20 anarudi. Misuli iliyokazwa miaka hujenga mafundo yanayouma yakiguswa, na maumivu yake husambaa hadi kwenye mrija wa mkojo. Anachosikia yeye ni mkojo unaochoma. Hakuna kipimo cha maabara kitakachoyaona mafundo hayo. Yanaonekana kwa kidole cha mtaalamu aliyefundishwa kuyatafuta.

Dunia ya tiba ilichukua muda mrefu kumsikia mwanamke huyu. Mwaka 1915 Guy Hunner, daktari wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, aliandika habari za wanawake wanane waliokuwa na maumivu juu ya kinena, kubanwa kusikokwisha na kuamka usiku. Kwa wastani walikuwa wameteseka miaka 17. Ndani ya vibofu vyao aliona vidonda vyekundu, ambavyo hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Ugunduzi wake ulisaidia na ukaumiza pia, maana vidonda hivyo huonekana kwa wagonjwa wachache tu kati ya wote wenye dalili. Kwa miongo mingi daktari aliyechungulia kibofu asione kidonda alimwambia mgonjwa wake kwamba hana kitu, na neno lililofuata mara nyingi lilikuwa wasiwasi, au ndoa, au mishipa ya akili.

Aliyelipinga hilo kwa nguvu alikuwa mwanafunzi wa udaktari, Vicki Ratner, ambaye alikuwa na ugonjwa huo mwenyewe. Baada ya madaktari kadhaa kumwona hana ugonjwa, alikwenda maktaba akajitafutia maandishi. Mwaka 1984 alianzisha chama cha wagonjwa wa maumivu ya kibofu nchini Marekani, na aliposimama mbele ya kamera za televisheni barua zilimiminika kutoka kwa wanawake waliodhani wako peke yao. Mwaka 2011 watafiti walikadiria kwamba wanawake wa Marekani wenye dalili za ugonjwa huu ni kati ya milioni 3.3 na milioni 7.9. Ugonjwa uliosemekana ni wa nadra ulikuwa umejaa nyumba kwa nyumba.

Kwetu kuna sura nyingine ya jambo hili ambayo Hunner hakuiona Baltimore, nayo ni kichocho. Daktari wa Afrika Mashariki anayezungumzia nyonga na mkojo bila kukitaja ameruka ukurasa.

Minyoo wa kichocho cha mkojo huishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na viungo vya uzazi. Majike hutaga mayai. Mengine hutoka na mkojo, mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu, kwenye mlango wa kizazi, ukeni, hata kwenye mirija ya uzazi. Mwili huyazingira mayai hayo, na hapo penye vita hiyo panabaki vidonda na makovu. Matokeo yake ni maumivu ya tumbo la chini, mkojo unaochoma, kubanwa, damu baada ya tendo la ndoa, uchafu usiokwisha na wakati mwingine ugumba. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani yanataja wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wenye kichocho cha viungo vya uzazi katika Afrika kusini mwa Sahara. Na Tanzania hutajwa kuwa ya pili barani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho cha kila aina.

Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria kichocho kilichozoeleka zaidi ni kile cha tumbo. Kile cha mkojo hukaa zaidi kwenye madimbwi, vijito, malambo na majaruba ya mpunga, kuanzia vijiji vya Usukumani hadi ukanda wa pwani, Unguja na Pemba, na kule Kenya Kwale, Kilifi na Tana River. Anayeingia maji hayo kila siku ni nani? Ni msichana anayechota maji, anayefua, anayepalilia mpunga maji yakiwa magotini. Kaka yake akikojoa damu, nyumba nzima inajua. Yeye akiona damu, anadhani hedhi imewahi, ananyamaza.

Miaka inapita. Akiolewa, akatokwa damu baada ya kukutana na mumewe, mashaka yanaanza. Kituo cha afya kinamtibu magonjwa ya zinaa, mara moja, mara mbili, na kila dozi inaacha swali ndani ya nyumba: nani kayaleta? Ndoa zimevunjika kwa mayai ya mnyoo aliyepatikana kwenye jaruba la mpunga mwanamke akiwa na umri wa miaka tisa. Naliandika hili nikijua kuna wasomaji watakaoona aibu kulisoma mezani. Walisome hivyo hivyo.

Dawa yake, prazikwanteli, ipo na si ghali. Kwa kawaida hutolewa mara moja kwa kiasi cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kampeni za kumeza dawa zimewalenga zaidi watoto wa shule, jambo jema, na Zanzibar imeonesha kwamba maambukizi yanaweza kushushwa sana pale dawa, elimu na vita dhidi ya konokono vinapokwenda pamoja. Lakini msichana aliyeacha shule, na mama wa miaka 35 ambaye kampeni zilipoanza alikuwa tayari ni mtu mzima, hakuna aliyewafuata. Tena dawa huua minyoo. Makovu ya zamani haiyafuti. Ndiyo maana kuchelewa kunaumiza.

Jambo dogo la vitendo: mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkojo wa alfajiri unaweza kudanganya. Na kwa mwanamke mtu mzima, mkojo unaweza usiwe na yai hata moja wakati mlango wa kizazi umejaa. Anahitaji kuangaliwa kwa macho. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo cha picha za vidonda hivyo, hasa kwa ajili ya wahudumu ambao hawakuwahi kuoneshwa darasani. Kingefaa kiwepo kwenye kila chumba cha uzazi wa mpango katika wilaya zenye kichocho.

Kuna kifua kikuu pia, na hapa nitapita haraka. Mkojo wenye usaha mwingi ambao ukioteshwa hauoti kitu, tena zaidi ya mara moja, unapaswa kumfanya daktari afikirie kifua kikuu cha njia ya mkojo na uzazi. Bakteria wake hawaoti kwenye kipimo cha kawaida. Nao wanawake waliokeketwa kwa kushonwa, mkojo wao hupita kwenye tundu dogo, polepole, na hubaki nyuma ya kovu. Maambukizi kwao ni ya kweli na yatarudi mpaka kovu lenyewe lifunguliwe na mtaalamu.

Endometriosi inahitaji maelezo marefu kidogo. Huu ni ugonjwa ambao tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, na unakadiriwa kumpata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, wapatao milioni 190 duniani. Hapa kwetu watu walianza kuusikia Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, alipojitokeza kueleza maumivu yake na operesheni zake. Kenya ilimsikia mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024 baada ya kupambana na endometriosi iliyofika hadi kifuani. Wanawake hawa wawili walifanya kazi ambayo mabango mengi ya afya hayakuifanya.

Tishu hizo zikikaa juu ya kibofu, mkojo huuma zaidi hedhi inapokaribia, kisha hulegea. Dalili hii inapatikana kwa swali moja tu la bure: maumivu ya mkojo yanafuata mwezi? Lakini linalosahaulika zaidi ni kwamba endometriosi na ugonjwa wa maumivu ya kibofu mara nyingi hukutwa kwa mwanamke mmoja. Anafanyiwa operesheni, tishu zinaondolewa, na miezi sita baadaye bado anaumwa. Anaambiwa operesheni ilikwenda vizuri, kwa hiyo maumivu ni ya kichwani. Kumbe kibofu na misuli havikuguswa, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Maisha ya kila siku nayo yana mkono wake. Mwanamke anayeuza mboga sokoni, mahali ambapo choo ni cha kulipia, kipo mbali na hakifungi mlango, hujizuia kunywa maji tangu asubuhi. Mwalimu wa shule yenye matundu mawili ya choo hufanya hivyo hivyo. Abiria wa basi la mkoani anajua kwamba wanaume wakishuka kuchimba dawa wao wanamalizana na kichaka cha kwanza, na yeye ana khanga moja tu ya kujisitiri, basi likipiga honi. Mkojo uliokolea kwa kukosa maji unakikera zaidi kibofu ambacho tayari kinauma, na misuli iliyofundishwa kubana saa nane mfululizo haijui tena kuachia. Choo safi chenye kitasa ni sehemu ya matibabu ya nyonga. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa meza za akina mama hawa zinapaswa kulichukua hivyo.

Tiba ipo, ingawa haiko kwenye chupa moja. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa Amerika Kaskazini kwa wanawake 81 wenye maumivu ya kibofu na misuli ya nyonga inayouma ikiguswa. Kundi moja lilipata fiziotherapia ya kulegeza misuli hiyo moja kwa moja, jingine likapata masaji ya kawaida ya mwili. Waliosema wamepata nafuu ya maana walikuwa asilimia 59 katika kundi la kwanza na asilimia 26 katika la pili. Kwa ugonjwa ambao dawa nyingi zimejaribiwa zikashindwa, hilo si jambo dogo.

Hapa pana onyo. Tangu Arnold Kegel alipoyaeleza mwaka 1948, mazoezi ya kubana na kuachia yameenea hadi kwenye video za simu, na yanamfaa sana mwanamke anayevuja mkojo akikohoa. Lakini mwanamke ambaye misuli yake imekaza na inauma hapaswi kuyafanya. Mwongozo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani unasema waziwazi kwamba yaepukwe kwa mgonjwa wa namna hiyo. Yeye anahitaji kujifunza kulegeza: kuvuta pumzi ndefu inayoshuka mpaka tumboni, kuchuchumaa akiwa ameegemea kitu, kujikanda maji ya moto chini ya kitovu, kukaa chooni bila kusukuma na kungoja mkojo ushuke wenyewe. Wataalamu wa fiziotherapia waliosomea nyonga ya mwanamke bado ni wachache nchini, nao wako kwenye hospitali kubwa za mijini. Kuwasomesha wengine kungegharimu sehemu ndogo sana ya kile tunachokitumia kwa antibayotiki zisizohitajika.

Chakula kina nafasi yake. Kahawa, chai ya rangi iliyokolea, soda, pombe, pilipili, nyanya nyingi, ndimu na machungwa huwakera wagonjwa wengi, lakini si wote, wala si kwa kiasi kimoja. Kuacha vyote kwa pamoja ni kujitesa bure. Anaweza kuviacha wiki mbili, kisha arudishe kimoja kimoja na kuangalia. Maji asipunguze. Wapo wanaosaidiwa na amitriptilini kwa kiasi kidogo usiku, dawa ya zamani inayotuliza mishipa ya fahamu, na daktari amweleze kwamba hapewi kwa sababu ni mgonjwa wa akili. Wapo wanaowekewa dawa ndani ya kibofu kwa mpira. Wenye vile vidonda vya Hunner hupata nafuu vikichomwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mrija wa mkojo. Kidonge kimoja kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya ugonjwa huu, pentosani, kilikuja kuhusishwa na madhara ya retina ya jicho, na tangu mwaka 2020 karatasi yake nchini humo inabeba onyo hilo. Anayeandikiwa huko ughaibuni apimwe macho.

Kwenye majumba yetu kuna watu ambao sauti yao inafika kabla ya daktari. Pwani ni somo na kungwi. Bara ni shangazi na bibi. Hao ndio wanaomwambia msichana chango ni kawaida, vumilia, ukizaa litakwisha. Wengi wao waliambiwa hivyo hivyo na wakavumilia. Laiti wangeongeza sentensi moja katika mafunzo yao: ukiona unaumwa hata siku zisizo za hedhi, au mkojo unakuamsha kila usiku, tuambie tukupeleke. Na mume asipoelewa kwa nini mkewe anakwepa kitanda, aende naye hospitali akasikilize mwenyewe. Wako wanaume waliotoka huko wakiwa na maswali tofauti kabisa na yale waliyoingia nayo.

Mwanamke anayesoma makala haya akijiona ndani yake anaweza kuanza leo na daftari la shule. Kwa siku tatu aandike saa aliyokojoa, kiasi kwa kikombe cha kupimia, alichokunywa, na maumivu kwa namba kuanzia sifuri hadi kumi. Aandike pia siku ya hedhi, na kama aliwahi kuoga au kulima kwenye maji ya dimbwi, hata zamani. Karatasi hiyo itamwambia daktari mengi kuliko kijiti cha rangi. Kisha aulize: mkojo wangu umeoteshwa? Umeangalia mlango wa kizazi? Inawezekana ni kichocho, au endometriosi? Umeigusa misuli ya nyonga kuona kama inauma? Uchunguzi huo wa misuli hufanywa kwa kidole kimoja chenye glavu, polepole, na daktari anaeleza kila hatua kabla ya kuifanya. Mgonjwa ana haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani, na akisema basi, daktari anaacha.